Sisi wa Bonde la Slad

Mwulize Mwingereza wa makamo ni kitabu gani kilichomwonyesha utoto wa kijijini wa zamani, na huenda akakutajia Cider with Rosie cha Laurie Lee. Kilitoka mwaka 1959, kikaingia madarasani, na tangu hapo kijiji cha Slad, kilichojibanza katika bonde jembamba karibu na mji wa Stroud, Gloucestershire, kimekuwa utoto wa kuazima kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga huko. Sifa inayorudiwa ni utamu wa lugha. Ni sifa ya haki, lakini utamu huo huo humlaza msomaji akapitwa na jambo. Hapa nitakisoma kwa kufuata swali moja tu: nani anasema? Kitabu kinaanza na "mimi" aliye peke yake majanini. Sura ya kwanza haijaisha, huyo "mimi" amekwisha kumezwa na "sisi"; na huyo "sisi" ana mambo ya kuficha.

Ukurasa wa kwanza umejengwa kwa ujasiri mkubwa. Mtoto wa miaka mitatu anateremshwa kutoka kwenye gari la farasi lililobeba vyombo vya kuhamia, anaachwa katika nyasi zilizomzidi kimo. Ni Juni 1918, lakini mwandishi hana haraka ya kutueleza mazingira. Hatuambiwi vita viko wapi wala baba yuko wapi. Tunapewa kwanza kinachogusa ngozi, kisha harufu, kisha sauti, na majina ya vitu yanachelewa kama yanavyomchelewea mtoto mwenyewe. Jicho halipandi juu ya kimo cha mtoto hata mara moja. Hofu inajaa, mtoto analia, na hapo dada zake wanakuja mbio, wanamwinua, wanambeba kumpeleka nyumbani. Kuanzia hapo nafsi ya wingi inashika usukani. Nyumba ina watoto saba: wanne wa marehemu mke wa kwanza wa baba, watatu wa Annie, mama yake Lee. Baba yuko mbali, anatuma fedha kidogo, na hatarudi kuishi nao. "Sisi" wa kwanza katika kitabu hiki ni blanketi la jamaa walioachwa, na ni rahisi kumpenda.

Sura ziko 13, na hazifuati miaka. Kuna sura ya shule, ya jikoni, ya mama, ya wajomba, ya ugonjwa, ya sherehe na matembezi. Mpangilio ni wa duara zinazopanuka: sakafu, jikoni, ua, jirani, kijiji, kisha bonde lenyewe linapoanza kupasuka. Ndani ya kila duara muda umekunjwa. Sura ya jikoni inazichukua siku nyingi za familia na kuzifanya siku moja, kutoka kuwasha moto asubuhi hadi kupanda kulala. Sura ya kipupwe na kiangazi inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa baridi zote za utotoni zinakuwa baridi moja na majira yote ya joto yanakuwa moja. Chombo anachokitumia ni kitenzi cha mazoea. Watu walikuwa wakifanya hivi, walikuwa wakienda kule. Tukio la mara moja linavishwa vazi la desturi, na msomaji anaondoka akiamini kwamba huko Slad theluji haikukosa kunyesha kila Krismasi, na wavulana hawakukosa kuzunguka mashamba gizani wakiimba.

Mazoea haya ya kitenzi yana gharama, na mara moja gharama hiyo ilifika mezani kwa mawakili. Toleo la kwanza lilikuwa na utani kuhusu kiwanda cha piano kilichokuwa kikiungua karibu kila mwaka, ikidokezwa kwamba moto ulisaidia kusawazisha hesabu. Wenye kiwanda wakalalamika kwamba wamekashifiwa, na matoleo yaliyofuata yakasema kiwanda cha maboila. Mhakiki wa umbo hapaswi kulipita jambo hili kama kichekesho cha wakusanyaji wa vitabu vya kale. Sumu ya sentensi ile iko katika hilo "karibu kila mwaka". Moto mmoja ni ajali. Moto wa kila mwaka ni shutuma. Lee alikuwa mshairi kwanza (diwani yake The Sun My Monument ilitoka mwaka 1944), na aliziandika kumbukumbu kwa sikio la mshairi. Sikio hilo linapenda marudio kuliko tarehe. Mwanzoni mwa kitabu ametanguliza tahadhari fupi kwamba huenda muda umepotosha mambo fulani. Ni ungwana, ila tahadhari hiyo inautupia lawama muda, wakati mpotoshaji mkubwa ni sarufi yake mwenyewe.

Mahali sarufi hiyo inapofanya kazi safi kabisa ni sura ya vikongwe wawili, Bibi Trill na Bibi Wallon. Wanaishi nyumba moja, mmoja juu, mwingine chini, na hawasemeshani. Kila mmoja humtaja mwenzake kwa kutaja mahali alipo tu, yule wa juu, yule wa chini, jina halitamkwi. Lee anazipanga aya jinsi nyumba ilivyopangwa. Tunapanda kwa mmoja anayeamka na kulala kwa saa zake mwenyewe, tunashuka kwa mwingine anayechachua pombe za maua na matunda ya kondeni, tunapanda tena. Chuki inakuwa ratiba. Bibi Trill anapokufa, ratiba inakosa nusu yake, na Bibi Wallon hadumu. Hakuna maelezo ya kisaikolojia hata mstari mmoja, na hayahitajiki, kwa sababu sura yenyewe imekwisha kutufundisha kwamba mmoja wao ni sakafu ya mwingine.

Inayofuata ni sura ya mauaji, na hapo ndipo napunguza mwendo.

Mtu aliyehama kijiji akafanikiwa New Zealand anarudi kutembea wakati wa Krismasi. Anaingia kilabuni, anamwaga fedha, anajigamba kwamba yeye alitoka na waliobaki ni wajinga. Vijana wanamsikiliza. Usiku, theluji ikianguka, wanamvizia njiani, wanampiga, na asubuhi anakutwa amekufa kwa baridi. Polisi wanauliza, hawajibiwi. Angalia viwakilishi. Katika kilabu kuna "yeye" na kuna "wao", vijana. Kwenye kipigo "wao" wanabaki "wao". Lakini polisi wanapoingia bondeni, ghafla anayenyamaza ni kijiji kizima, na msimulizi yumo ndani yake. Wauaji walijulikana, walihesabiwa kuwa jamaa, wakaachwa. Lee alikuwa mtoto; hakuua mtu, wala hakuna polisi aliyemhoji. Hata hivyo anajiandikisha miongoni mwa walionyamaza, tena kwa sauti ileile ya fahari tulivu aliyoitumia kuelezea moto wa jikoni. Blanketi lililomfunika mtoto aliyelia majanini sasa linafunika maiti.

Je, ni kasoro au ni ufundi? Nadhani hapa ni ufundi. Lee angeweza kulaani, na tungekubaliana naye, tukafunga ukurasa tukiwa safi. Badala yake ametutia ndani. Kufikia sura hiyo tumekula na watoto hao, tumelala nao kitanda kimoja, tumezoea kusema "sisi" pamoja nao, na ndipo tunapogundua tumeapishwa siri ya damu.

Siwezi kusema hivyo kuhusu sura ya mapenzi ya kwanza, ile iliyokipa kitabu jina lake. Rosie na pombe yake ya matufaha, chini ya gari la nyasi kavu siku ya mavuno, wanachukua nafasi ndogo mno kuliko jina linavyotangaza. Kinachobaki kichwani ni kisa kingine. Wavulana kadhaa wanakubaliana kumvizia msituni msichana mmoja aitwaye Lizzy, mcha Mungu ambaye akili yake haijakaa sawa, wamnajisi. Wanakutana Jumapili, wanamngoja. Msichana anatokea, anawachapa waliomkabili kwa mfuko wake wa kalamu za rangi, anakwenda zake. Wavulana wanatawanyika na aibu yao, na kisa kinaishia kwenye kicheko. Hapo "sisi" haitutii hatiani kama kwenye mauaji. Inatugawia hatia vipande vidogo vidogo mpaka hakuna anayeionja. Lee anaongeza tafakuri: kijiji kilijua kumaliza makosa yake chenyewe bila mahakama, na watu walipona makosa ya ujana wao. Lizzy hana sentensi yake katika tafakuri hiyo. Kwenye mauaji ukimya ulionyeshwa. Hapa unatetewa, na nathari yenyewe imekuwa mmoja wa wale wavulana. Wanaokisifu kitabu hiki kwa kutokuwa na hatia, nashindwa kuelewa ukurasa huo wanausomaje.

Kuna njia nyingine ya kukumbuka kijiji, na miaka 20 kabla ya Lee ilikwisha kufanyiwa kazi na Flora Thompson. Alizaliwa mwaka 1876 Juniper Hill, kitongoji cha vibarua wa mashamba, kaskazini-mashariki mwa Oxfordshire. Lark Rise, kitabu chake cha kwanza kati ya vitatu, kilitoka 1939, na vyote vitatu vikaunganishwa mwaka 1945. Thompson hasemi "mimi" wala "sisi". Anajiita Laura, anamweka katika nafsi ya tatu, kisha anamtembeza kitongojini kama mgeni mwenye macho makali. Umbali huo unampa kitu ambacho Lee hana, yaani hesabu. Tunajua kibarua alilipwa shilingi 10 kwa wiki, tunajua nguruwe wa familia alilishwa nini na nyama yake iligawanywaje, tunajua ya kwamba mabinti walipelekwa kazi za ndani wakiwa bado watoto ili nyumbani mdomo mmoja upungue. Sura zake nazo ni za mada, lakini kila mada inasimama kwenye muongo wake, miaka ya 1880, na Jubilii ya Malkia Victoria ya 1887 inapofika, inafika mara moja. Lark Rise kinafungwa kwa kuruka kutoka mavuno ya utotoni hadi bamba la kanisani lenye majina ya waliouawa katika Vita Kuu, la kaka mdogo wa Laura likiwamo.

Hasara ya Thompson ni kwamba mara nyingine anatoa maelezo pale ambapo tungetaka kusikia. Laura hatoi jasho. Ukitaka kujua mkate uligharimu nini msome Thompson; Lee atakupa harufu yake. Miaka kumi baada ya Lee, katika Akenfield, Ronald Blythe alijaribu njia ya tatu: aliwaacha watu wa Suffolk wasimulie mmoja mmoja, kila mtu na "mimi" yake. Huko "sisi" inapotajwa ni dai la mtu mmoja, na msimulizi anayefuata anaweza kuikana.

Nirudi katika ile sura ya mauaji, kwa sababu haiishii kwenye mauaji. Inapita kwa mwanamke kijana aliyejizamisha bwawani, kisha kwa mzee anayekata roho kitandani pake, na inamalizikia kwa wazee wawili, Joseph na Hannah Brown. Wameishi pamoja miaka 50 katika nyumba yao, wanajitegemea, mpaka mwili unapowaishia. Wakubwa wanaamua wahamishiwe kwenye nyumba ya mafukara, na kwa utaratibu wa huko mume anawekwa upande wa wanaume, mke upande wa wanawake. Katika wiki moja wote wawili wamekufa.

Katika kisa hiki Lee anazibana tamathali zake, na sentensi zinakwenda moja kwa moja. Mpangilio ndio unaosema. Kijiji kilekile kilichowashinda polisi kwa kunyamaza, mwanzoni mwa sura, sasa kinatazama majirani wawili wakichukuliwa, na kinasikitika kwa dhati. Mauaji yalifanywa na watu wenye majina yaliyofichwa. Haya yamefanywa na ofisi isiyo na jina la kuficha. "Sisi" inayojua kumlinda kijana dhidi ya kitanzi haina chombo chochote cha kuwalindia vikongwe wawili dhidi ya karatasi yenye mhuri. Lee hakulisema hilo popote. Aliyaweka matukio mawili kwenye ncha mbili za sura moja, na kwa ajili ya uamuzi huo peke yake namsamehe nyasi nyingi zilizong'aa kupita kiasi.