Jinsi Kosa la GPS Lilivyopimwa na Kusahihishwa

Mfumo wa GPS wa Marekani hukadiria mahali alipo mtumiaji kwa kupima muda ambao mawimbi ya redio hutumia kutoka kwenye setilaiti, zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, hadi kwenye kipokezi chake. Na kwa kuwa mawimbi hayo hukata takriban sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kosa dogo la saa hupotosha umbali. Upotofu mwingine huletwa na ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, ambalo huchelewesha mawimbi, hasa katika maeneo yaliyo karibu na ikweta kama Afrika Mashariki.

Katika miaka ya 1990 palikuwa pia na upotofu wa makusudi, kwani Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilivuruga mawimbi ya kiraia ili adui asinufaike nayo, hata kipokezi cha kawaida kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Kosa hilo lilikuwa la hatari kwa nahodha anayeingiza meli bandarini, ndiyo maana Walinzi wa Pwani, chombo cha serikali hiyohiyo, walijenga mfumo wa masahihisho uitwao DGPS. Kipokezi kiliwekwa mahali palipokwisha kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Umbali halisi kati ya hapo na kila setilaiti ukakokotolewa, ukalinganishwa na umbali uliosomwa, na tofauti iliyopatikana, ambayo ndiyo kosa lenyewe, ikatangazwa kwa redio ili meli zilizo karibu ziiondoe katika vipimo vyao. Kituo kilitangaza kosa la kila setilaiti peke yake, kwa sababu setilaiti zinazopokelewa melini huenda zisiwe zilezile zinazopokelewa kituoni. Kwa njia hiyo kosa lilishuka hadi mita chache, hata kabla uvurugaji haujasitishwa Mei 2000.

Hata hivyo, kadiri chombo kinavyokwenda mbali na kituo, ndivyo masahihisho yanavyopungua nguvu, kwa kuwa ionosfia iliyo juu yake si ileile. Mfumo wa WAAS, ulioanza kuhudumia ndege mwaka 2003, ulitatua tatizo hilo kwa mtandao wa vituo vinavyokadiria hali ya ionosfia juu ya eneo zima, na ukaongeza sifa ya uaminifu, yaani uwezo wa kumwonya rubani ndani ya sekunde chache kwamba vipimo havifai kutegemewa.

Usahihi, basi, ni ukaribu wa kipimo na mahali halisi, nao hautokani na wingi wa tarakimu kwenye kioo, wala na kipokezi kurudia jibu lilelile, kwani kinaweza kukosea vilevile kila mara. Anayeonyeshwa mpaka wa kiwanja chake kwenye simu aulize kwanza vipimo hivyo vimesahihishwa kwa kituo gani, na asipopata jibu, asikubali bikoni isimikwe.