Chumvi ya maji ya Jangwani

Kila masika Dar es Salaam huzaa hadithi moja, na kila mwenye gari anayo ya kwake. Ya kwangu nimeisimulia mara nyingi mno, nadhani sasa nina haki ya kuihakiki.

Inaanza hivi. Nimetoka Kariakoo, nimepita Fire, nateremka Barabara ya Morogoro kuelekea Magomeni. Pale Jangwani maji yametanda. (Hapa hadhira huanza kucheka mapema, maana ni watu gani wengine wanaoita “Jangwani” mahali pa kuzamia?) Daladala moja likapita. Nikajisemea, kama lile limepita, na mie napita. Shangazi yangu kakaa mbele, kapakata ndoo ya samaki wa Feri. Katikati ya maji kigari kikakohoa, kikazima. Maji yakaingia taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Ndoo ikapinduka, samaki wakaanza kuelea miguuni petu. Shangazi akawatazama, akasema, “Haya, wamerudi kwao.”

Basi akatokea kijana kifua wazi, ana mti mkononi anapimia kina. “Bosi, elfu kumi nakuvusha.” Nikaanza kuomba apunguze, maji yako magotini! Tukapatana elfu saba. Akaita wenzake watatu, wakasukuma. Mwisho.

Sina ugomvi na chumvi. Mwaka wa kwanza samaki walikuwa watatu; siku hizi ni ndoo nzima na pweza juu yake. Fasihi simulizi ndivyo inavyoishi. Ugomvi wangu ni mahali alipokaa fanani. Hadithi hizi zote husimuliwa kutoka kwenye kiti cha dereva. Mafuriko huanza gari linapoingia majini na kwisha linapotoka, na anayesukuma hupewa sentensi moja tu, nayo ni ya bei.

Kuna kitu nilikikata. Yule kijana alipokuwa anasukuma, alikuwa anageuka nyuma kila mara. Kule bondeni, juu ya bati, kulikuwa na godoro, na juu ya godoro amekaa bibi kizee kakumbatia televisheni. “Bibi yangu yule,” alisema, bila kuulizwa. Niliwahi kumtia bibi huyo kwenye hadithi mara moja. Watu wakanyamaza, mmoja akatoa simu yake. Nikajifunza: godoro linaua kicheko. Tangu hapo simtaji.

Na si kwamba hatujui. Desemba 2011 mvua ziliua watu wapatao 40 jijini, na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Kisha mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana yake ilikuwa pale pale bondeni, nayo imekuwa ikifurika. Afadhali hadithi za mwendokasi, kusema kweli: msimuliaji kabanwa na wenzake, hana wa kumwomba punguzo.

Aliyenivuruga ni mama mmoja fundi cherehani, aliyewahi kuishi bondeni. Katika hadithi yake sisi wenye magari ndio vichekesho. Wao wamekaa juu, wanatutazama tukishuka mmoja mmoja kama bata, na wanawekeana dau. “Huyo wa bluu hafiki!” Anaigiza sauti ya injini ikikata roho. Anaigiza mwanamume mwenye tai, maji kiunoni, anaomba apunguziwe buku mbili. Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikahisi joto masikioni.

Na godoro limo. Lake mwenyewe. Anasema liliondoka na maji usiku, yeye akalipungia mkono, maana lilikuwa bado linadaiwa dukani. Hapo tulicheka zaidi kuliko popote, halafu akataja vitu vingine vilivyokwenda, kimoja kimoja, cherehani ya kwanza ikiwemo, wala hakuna aliyetoa simu.

Kumbe godoro haliui kicheko. Nilikuwa nalilaumu bure. Mimi nilimleta yule bibi mwishoni, baada ya kuvuka, nikiwa nimeshakauka, nikabadilisha na sauti kama ninayesoma taarifa ya msiba. Hadhira ilinyamaza kwa sababu niliiamuru inyamaze.

Masika hii nataka nimrudishe, ila sijapata pa kumweka. Shangazi anasema bibi aonekane kwanza, kabla ndoo haijapinduka, na kwamba nimrudishie yule kijana elfu tatu yake, walau kwenye hadithi.