Hukumu ya Viongozi: Uhakiki wa Ripoti ya Chilcot

Si desturi kuyasoma maandishi ya serikali kwa jicho la fasihi, lakini yako machache yasiyoeleweka vema mpaka lugha yake ipimwe. Mojawapo ni ripoti ya tume iliyoongozwa na Sir John Chilcot juu ya vita vya Iraki, iliyotolewa London tarehe 6 Julai, 2016. Ni kazi ya miaka saba, juzuu 12, na maneno yapatayo milioni 2.6. Yaeleza jinsi Uingereza ilivyoingia vitani pamoja na Marekani mwezi wa Machi, 2003, kwa ajili ya silaha za maangamizi ambazo baadaye hazikuonekana. Wasomaji wengi waliifungua wakiwa na swali moja: je, Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu, na viongozi wa namna yake, wafaa kushitakiwa kwa uamuzi wa vita na kwa namna walivyozitumia habari za majasusi? Tume haikutumwa kulijibu swali hilo. Mwenyekiti alitangaza tangu mwanzo kwamba baraza lake si mahakama wala hakuna mtu aliyeshitakiwa mbele yake. Hata hivyo, mtindo wa ripoti wafundisha jambo kubwa juu ya swali lenyewe.

Haki yataka sifa zitangulie. Ripoti haikumwonea mtu, wala haikumwogopa. Yasema kwamba njia za amani zilikuwa hazijakwisha vita vilipoanza, na kwamba utaratibu uliofuatwa katika kuamua kuwa vita ni halali haukuridhisha hata kidogo. Juu ya uhalali wenyewe haikutoa rai. Yataja kijitabu cha tarehe 24 Septemba, 2002, ambacho katika dibaji yake Blair aliwaambia raia kwamba habari za majasusi zimethibitisha bila shaka kuwa Iraki ilikuwa ikiendelea kutengeneza silaha za sumu. Tume ilizipima habari zile ikaona kwamba hazikuthibitisha hivyo. Lakini haisemi kwamba Blair alidanganya. Yasema kwamba aliyoyaandika ndiyo aliyoyaamini, na kwamba ilikuwa juu ya kamati ya ujasusi kumweleza waziwazi mipaka ya habari zake.

Hapa ndipo lugha inapojidhihirisha. Mwenye kuufasiri muhtasari wa ripoti hii kwa Kiswahili hataweza kwenda mbali bila ya kiambishi -ngali-: mawaziri wangalipaswa kupewa ushauri wa sheria kwa maandishi, kamati ingalipaswa kumwonya Waziri Mkuu, maandalizi ya baada ya vita yangalipaswa kuwa bora zaidi. Kiambishi hiki chasimulia jambo ambalo wakati wake umepita na halikutendeka. Chafaa kwa majuto na kwa mafunzo, lakini hakimtii mtu hatiani. Mahakama huuliza kwa -li-: nani alijua, alijua lini, aliandika nini, aliamuru nani? Tume ilikusanya takriban kila kitu kinachohitajiwa kwa maswali hayo, kisha ikaishia katika -ngali-.

Tofauti hii yaonekana vizuri zaidi ripoti ikisomwa sambamba na hukumu iliyotangulia kwa wiki tano tu. Tarehe 30 Mei, 2016, mjini Dakar, mahakama maalumu ya Kiafrika ilimhukumu Hissène Habré, aliyetawala Chad tangu 1982 hata 1990, kifungo cha maisha kwa makosa ya mateso, ya vita na dhidi ya ubinadamu. Ushahidi wake ulikuwa pia wa karatasi. Mwaka 2001 makabati ya polisi wake wa siri yalifunguliwa, na ndani yake yakapatikana majina ya watu 1,208 waliokufa au kuuawa kizuizini. Amri ya kuunda idara ile iliiweka chini ya Rais mwenyewe. Juu ya ombi la Msalaba Mwekundu la kuwapeleka mateka wa vita hospitali, Habré aliandika kwa mkono wake kwamba mateka asitoke gerezani ila akifa. Mbele ya mwandiko kama huo -ngali- haina kazi. Aliandika, aliamuru, watu walikufa.

Wapo wasemao, wala hoja yao si ya kubezwa, kwamba mambo haya mawili hayafanani. Mmoja aliwatesa watu wake. Mwingine aliamua, pamoja na bunge lake, katika giza la habari zisizo kamili. Ujasusi ni kazi ya kukisia, na kiongozi akishitakiwa kwa kila kisio lililokosea, hatapatikana mtu wa kuamua siku ya hatari. Hoja hii ni ya kweli kwa kadiri yake: kukosea si jinai. Lakini yakomea pale hasa ambapo swali laanzia, yaani kama kiongozi alikosea au aliwaambia watu kuwa ana yakini hali akijua kuwa hana. Hilo haliamuliwi kwa kukisia nia yake. Lahitaji kiapo, maswali ya mpinzani, na hakimu. Tume haikuwaapisha mashahidi wake.

Tena sheria, wasemavyo watu, ni msumeno. Mwaka 2007 koplo mmoja wa Uingereza alifungwa mwaka mmoja kwa kuwatendea unyama mahabusu wa Basra. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya London ilikataa kuruhusu Blair ashitakiwe, kwa kuwa kosa la uchokozi wa vita halimo katika sheria ya Uingereza. Kosa hilo lilikwisha kuelezwa Kampala mwaka 2010, katika mkutano wa nchi za Mkataba wa Roma, na likafanywa kuwa kosa la wenye madaraka peke yao. Lakini mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai juu yake yalianza Julai 2018, wala hayarudi nyuma. Basi msumeno ulimkata koplo, ukamkata na Habré aliyekwisha kunyang'anywa nguvu, ambaye Marekani na Ufaransa zilimsaidia alipokuwa nazo. Waliomsaidia haukuwagusa.

Kwa hiyo kasoro kubwa ya ripoti ya Chilcot si uhaba wa ukali. Ni kwamba imefanywa kuwa mwisho wa jambo, na ilistahili kuwa mwanzo wake. Wazazi wa askari 179 wa Uingereza waliokufa Iraki, na Wairaki wasiohesabika waliofiwa, wamepewa juzuu 12 za mambo yaliyopasa kutendwa. Blair naye hakupata haki yake, kwa maana hakutiwa hatiani wala hakusafishwa. Kumfikisha mtu mahakamani si kumhukumu. Ni kulitoa neno lake katika -ngali- na kuliweka katika -li-, apate kulijibu. Kiongozi aliyeamua kwa moyo safi hana sababu ya kulihofu swali hilo, na asiyeamua hivyo hastahili kuepushwa nalo.