Nipe Mji, Bwana Msa

Mtega kitendawili ana deni. Akishaambiwa "tega!", hana budi kuwapa wasikilizaji maneno yote yatakayowafikisha kwenye jibu. Wakishindwa, watampa mji, atakwenda huko, atakula na kunywa, ndipo awafungulie. Lakini akificha nusu ya kitendawili, mji huo kauiba.

Hilo ndilo shtaka langu kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58 na kuchapishwa 1960. Tuliisoma watu wanne hapa Dodoma, nakala moja iliyochakaa ikizunguka kati ya Makole na Ipagala. Sharti letu lilikuwa kwamba kabla Bwana Msa hajaanza kufumbua, kila mmoja aandike jina la muuaji na sababu zake. Mshindi angenunuliwa zabibu kilo mbili. Mmoja wetu alipatia jina. Sababu alizoandika hazikugusana hata kidogo na maelezo ya Bwana Msa. Tulibishana usiku kucha kama anastahili zabibu, mimi nilikataa.

Nilikataa kwa sababu ya Edgar Wallace. Mwaka 1905, huko Uingereza, alichapisha The Four Just Men bila jibu, akaahidi zawadi za pauni 500 kwa wasomaji watakaoeleza jinsi waziri alivyouawa ndani ya chumba kilichofungwa. Akasahau kuweka kikomo cha idadi ya washindi! Majibu sahihi yalimiminika, naye akazama kwenye madeni. Hasara ile ni ushahidi kwamba dalili zilikuwemo kitabuni. Abdulla angetangaza zawadi kama hiyo, asingepoteza hata senti. Bwana Msa anavuta kiko chake, anaona jambo, ananyamaza. Najum anabaki gizani, nasi pamoja naye. Ni tabia ya Sherlock Holmes, najua. Kuirithi hakuifanyi kuwa haki.

Kuna mahali pamoja ambapo shtaka langu linalegea. Mwaka 1929 Ronald Knox aliandika kanuni za riwaya ya upelelezi, na mojawapo ilipiga marufuku nguvu zisizo za kibinadamu. Abdulla yeye kauweka mzimu kwenye jalada, na maiti kailaza hapo hapo panapoogopwa. Mwenzetu mmoja aliandika "mzimu" kwenye karatasi yake, wala si kwa mzaha. Tulimcheka, halafu tukaacha kumcheka, maana ndiye pekee aliyejibu swali ambalo mwandishi aliliuliza waziwazi tangu jina la kitabu. Hapo hakuna kilichofichwa. Anayenaswa ananaswa na imani yake mwenyewe, na muuaji aliyechagua mahali pale aliitegemea imani hiyo hiyo.

Sasa tumeanza Kisima cha Giningi, cha 1968. Karatasi ziko tayari. Safari hii zabibu zinatolewa kwa sababu. Jina tupu halipati hata punje.