Sifa ya Mkato Usioonekana

Mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mkabala na mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Basi, hadithi imekwisha. Kwa miaka mingi bodi ya mitihani ya OCR ya Uingereza iliwapa wanafunzi wa sekondari wanaosoma taaluma ya habari zoezi hili kabla ya kuingia kwenye kazi yao kubwa. Halina bunduki, halina mapenzi, wala muziki wa kufichia makosa. Lina mlango, kiti na maneno machache. Na hapo ndipo wengi hung'amua kwamba kuwa na kamera si kujua kupiga filamu.

Tuutazame mlango tu. Shoti ya kwanza iko nje: mkono unashika kitasa, unakizungusha, mlango unaanza kufunguka. Ya pili iko ndani: mlango unamalizia kufunguka, mtu anaingia. Mwanafunzi mgeni hungoja tendo liishe ndipo akate. Mlango hufunguka kwa nje, kisha hufunguka tena kwa ndani, utadhani nyumba ina milango miwili. Anayeijua kazi hukata mlango ukiwa katikati ya mwendo, kwa sababu jicho hukifuata kinachosogea na halipati nafasi ya kukagua kingine. Kwenye kompyuta huzisogeza fremu moja moja. Zikizidi, kitasa kinazungushwa mara mbili. Zikipungua, mkono unaruka. Kati ya kuzidi na kupungua pana mahali ambapo shoti mbili, zilizopigwa kwa kupishana nusu saa, zinakuwa tendo moja.

Kosa la mlango wa mara mbili halina aibu, maana sinema yenyewe ilipitia huko. Mwaka 1903 Edwin S. Porter wa Marekani alitengeneza Life of an American Fireman. Mzimamoto anamwokoa mama na mtoto wake: kwanza tunauona uokoaji wote tukiwa chumbani, kisha tunauona wote upya kutoka nje, tangu mwanzo. Ilichukua miaka mingine mpaka watengenezaji wakazoea kuligawa tendo bila kulivunja. Kijana wa leo hulipata somo hilo kwa alasiri moja.

Kisha kuna mstari usiochorwa popote. Wawili wakiketi wakitazamana, mstari hupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kamera inapaswa kubaki upande mmoja wa mstari huo. Ikivuka, aliyekuwa akitazama kulia sasa anatazama kushoto, na wote wawili huonekana kama wanamsemesha mtu wa tatu asiyekuwepo. Mpenzi wa mpira anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Kamera kuu za mechi ya Simba na Yanga hukaa upande mmoja wa uwanja, ndiyo maana picha zikibadilishwa vyovyote vile, huulizi nani anashambulia goli lipi.

Lakini mzigo mzito anao yule mwenye daftari la mwendelezo. Katika kikundi cha wanafunzi kazi hii mara nyingi huangukia aliyekosa nafasi kwingine, nayo ndiyo inayotaka macho kuliko zote. Chai ilikuwa nusu kikombe au imejaa? Mkono upi ulikinyanyua, na katika neno gani? Ncha ya mtandio ilikuwa bega la kulia au la kushoto? Huku kwetu karibu na ikweta, jua la jioni nalo halisubiri mtu. Swali lipigwe saa kumi na moja, jibu lipigwe saa kumi na mbili na nusu, na ukuta nyuma ya mmoja utang'aa huku nyuma ya mwenzake kiza kikiingia, ilhali wanazungumza dakika ileile. Ndiyo sababu mhariri hodari huanza kuhariri kamera ikiwa bado begini.

Nidhamu hii ina nguvu ya ajabu. Huko Moscow, Lev Kuleshov, aliyefundisha katika chuo cha filamu kilichoanzishwa mwaka 1919, aliunga shoti za mwanamume na mwanamke wanaokutana mjini humo na shoti ya Ikulu ya Marekani iliyotolewa kwenye filamu nyingine. Watu hao wakaonekana wakipanda ngazi za jengo lililo ng'ambo ya bahari. Mwelekeo wa hatua na wa macho ulitosha kuziunganisha nchi mbili. Tena mikanda ilikuwa adimu, kwa hiyo wanafunzi wake walijifunza pia kwa kukata na kuunga upya filamu za wengine. Pengo lililo kati ya shoti na shoti hujazwa na mtazamaji mwenyewe, mradi hujamchanganya.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu. Katika umri ambao kila mtu anataka kuonekana, kijana anatoa jasho siku nzima ili kazi yake isigundulike. Na kipimo chake ni rahisi. Anayetaka kujua kama amefaulu asiwaulize rafiki zake kama video ni nzuri, watamsifu tu. Awaulize kimetokea nini. Wakimjibu kwamba jamaa kaingia, kaketi, na inavyoonekana hao wawili hawapatani, bila kutaja kamera wala mlango, kazi imepita.