Kidole Kinachosoma Ngozi

Tabibu alianza na kofia. Alimwomba mama aivue, akaigeuzageuza, akapima ukingo wake kwa vidole, akaiweka mezani bila kusema neno. Ilikuwa kepu ya mpira: inalinda paji la uso, inayaacha masikio juani. Kisha akasogeza kiti dirishani, akainama, akafunua sikio la kushoto. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na kidonda kidogo kama dengu, chenye kigaga ambacho mama alikibandua na kikarudi, akakibandua tena, tangu mvua za mwaka uliopita.

Mama huyu ni jirani yangu Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Ana ualbino, kwao ni Fizi, Kongo, na riziki yake ni nyanya sokoni. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la enzi za Rais Kamuzu Banda, ikikusudiwa watu 10,000 hivi. Sasa tumepita 50,000, na miti mingi imekwisha kuwa kuni. Kwa mtu asiye na melanini ya kuikinga ngozi yake, kivuli ni dawa, na sisi hatuna cha kutosha. Tulipanda minibasi alfajiri kuelekea Lilongwe, kilomita 50 hivi, mimi nikiwa mkalimani.

Nilidhani mtaalamu wa ngozi hutazama. Huyu aligusa kwanza. Kidole chake kilipita puani, kwenye mashavu, nyuma ya shingo, taratibu, kama fundi cherehani anayetafuta uzi uliovutika kwenye kitambaa. Nikamuuliza anatafuta nini. Kwa ruhusa ya mama akakiweka kidole changu juu ya shavu lake. Macho yangu hayakuona kitu, lakini kidole kilikwaruza: msasa. Hiyo ni ngozi iliyounguzwa na jua miaka na miaka, seli zake zimeanza kupotoka lakini bado si saratani. Baadhi ya madoa hayo hutulia yenyewe. Mengine huendelea hadi kuwa saratani ya seli bapa, ile inayowaandama zaidi wenye ualbino katika Afrika, hasa kichwani na shingoni. Ustadi wote uko katika kuyakuta yangali msasa.

Kisha akauliza kwa Kichewa kama kidonda kinayabwa. Kuyabwa ni kuwasha, hilo halikunishinda. Lakini mama alijibu kwamba hakiwashi, kinaunguza kama kimepakwa pilipili. Watu wa pwani wangesema kinachonyota. Neno lake la Kichewa sikulijua, nikaeleza kwa mfano wa ndimu kwenye mchubuko. Tabibu akaacha kuandika. Kidonda kinachouma kilimtia shaka kuliko kinachowasha tu. Akabonyeza chini ya kigaga kuona kama kuna ugumu uliozama, akapapasa tezi nyuma ya sikio, chini ya taya, shingoni kote. Hakuna iliyovimba. Sote watatu tukashusha pumzi.

Wenzake wa mifugo hawana mkalimani kabisa. Farasi mwenye uso mweupe na kope za waridi hupata saratani hiyo hiyo kwenye kope, na jua ndilo huchangia. Farasi wa kijivu, anapozeeka, huota melanoma nyeusi chini ya mkia. Kuna pia sarkoidi, uvimbe unaohusishwa na virusi vya ng'ombe, ambao ukichokozwa ovyo hurudi mkali kuliko mwanzo. Basi daktari mzuri wa farasi anaweza kuuacha ule mdogo uliotulia, akawa anaupima na kuungoja. Niliposoma hayo baadaye nilimkumbuka tabibu wetu, alivyokaa kitambo mbele ya sikio lile, vifaa viko mezani, mikono iko magotini.

Alipoamua, alichora kwanza. Kalamu ya zambarau ilizunguka kidonda, kisha ikazunguka tena milimita nne nje yake, kwa sababu saratani hutambaa hadi pale jicho lisipoona. Alichora kabla ya sindano ya ganzi, maana ganzi huivimbisha ngozi na mpaka hupotea. Akakata kabari kama kipande cha tikiti, gegedu na ngozi yake, akazikutanisha kingo mbili hivi kwamba sikio lilipungua kimo, umbo likabaki. Juu ya kinofu alichokitoa akafunga uzi mmoja. Huo ni ujumbe kwa mtu wa maabara: upande huu ulielekea juu. Saratani ikionekana ukingoni, wajue warudi wapi.

Naupenda uzi ule kuliko yote niliyoyaona siku ile.

Hospitali Kuu ya Kamuzu jijini Lilongwe ilipata maabara yake ya patholojia mwaka 2011. Kinofu hukaa kwenye fomalini, huzamishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi ya waridi na buluu. Chini ya hadubini saratani hii mara nyingi hujikunja tabaka juu ya tabaka kama kitunguu kilichopasuliwa, na wataalamu huita mikunjo hiyo lulu. Kwa miaka mingi Malawi haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi, kwa hiyo kisu kilichowahi kilibeba karibu kila kitu. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya watu 134,000 wenye ualbino nchini humu, na kwa wengi wao safari ya kliniki yenyewe ina hofu, tangu mashambulizi yaliyoanza kuongezeka mwaka 2014.

Tabibu wetu alisomea Moshi, katika chuo cha ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC, kinachowafunza matabibu wa nchi nyingi za Afrika kwa miaka miwili. Ndiko alikookota Kiswahili chake kidogo: pole, kaa, bado kidogo.

Tuliporudi kliniki, majibu yalikuwa yamefika: saratani ya seli bapa, kingo safi. Mama alivaa kofia ya ukindu iliyoyafunika masikio na shingo. Tabibu akaipima kwa vidole, akacheka kwa furaha, akasema, "Zikomo, amayi." Kisha akaanza upya, kidole puani, mashavuni, pajini. Juu ya nyusi ya kulia kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena. Akainuka kuchukua mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, akaelekeza mdomo wa mtungi kwenye doa ambalo mimi bado sikuliona, akahesabu kwa Kiswahili cha Moshi, moja, mbili, tatu, hadi pale msasa ulipogeuka mweupe kama jivu.