Mlinzi, Mwangalizi na Msomaji wa Goziba

Katika mwaka 2019 Luteni Jenerali Daniel Opande, mwanajeshi mstaafu wa Kenya, alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho In Pursuit of Peace in Africa. Alipata kuwa naibu wa kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa huko Namibia, na tangu mwaka 1993 hata 1995 alikuwa mkuu wa waangalizi wa kijeshi katika Liberia. Yafaa ashukuriwe, maana majemadari wengi huzikwa pamoja na habari zao. Lakini ameandika kwa Kiingereza.

Upungufu huo si wa heshima ya lugha tu. Mapema mwaka 1994 askari wa Tanzania nao walipelekwa Liberia, kuongeza nguvu za jeshi la nchi za Afrika ya Magharibi. Na jeshi lao, lililoundwa upya mwaka 1964, hutumia Kiswahili kambini. Basi Kiswahili kilikuwako katika habari ile, zamuni na katika mazungumzo ya usiku. Tena kitabu cha mkuu, kitungwacho baada ya miaka mingi, chajua mwisho wa kila jambo kabla ya kulianza. Daftari la askari halijui kesho. Aandikaye Jumanne kwamba njia imefungwa hajui kama Jumatano itafunguliwa, na kutojua huko ndiko ushahidi wenyewe.

Hebu afikiriwe kijana wa Goziba, kisiwa cha wavuvi katika Muleba, ambaye mjomba wake alikuwa jeshini. Akiuliza mjomba alikwenda ng'ambo kufanya nini, ataambiwa, "Kulinda amani." Kwa mtu wa ziwani mlinzi ni yule akeshaye penye mitumbwi na rungu mkononi, mwizi akija, hupigwa. Lakini waangalizi wa Umoja wa Mataifa katika Liberia hawakuwa na silaha. Idadi iliyokubaliwa ilikuwa 303 kwa nchi nzima, na kazi yao ilikuwa kutazama kama mapatano ya Cotonou ya Julai 1993 yanashikwa, na kupeleka habari. Mwezi wa Septemba 1994 wenzao 43 walikamatwa na wapiganaji. Kijana atauliza, na ana haki: mlinzi gani huyu ashikwaye kama kuku?

Kosa ni la neno, wala si la mtu. Mtazamaji hatufai, maana huyo hukaa pembeni ya kiwanja cha mpira. Mchunguzi anukia polisi. Mwangalizi ndilo neno lenye haki, kwa kuwa kuangalia ni kuona na kutunza kwa pamoja: mtu humwangalia mgonjwa asiyeweza kumponya. Magazeti yetu, kwa uvivu, huwaita wote walinda amani, hata kikosi kilichopelekwa Kongo mwaka 2013 kwa idhini ya kushambulia waasi. Hivyo mmoja hulaumiwa kwa kutopiga, na mwingine hustaajabiwa kwa kupiga.

Mfasiri atakayekishika kitabu cha Opande hana budi kutenga maneno haya tangu mwanzo. Ila tafsiri haitatosha. Kama yako madaftari ya askari wa cheo cha chini katika masanduku ya nyumbani, yakusanywe sasa na kupigwa chapa kwa tahajia yao yenyewe, pamoja na makosa yao, kabla ya mchwa kuyafikia.